Upanga Ulimkuta Tayari: Arthas, Nguvu za Wafu na Dhamiri ya Shujaa

Tangu gemu ya kompyuta ya Warcraft III ilipotoka Julai 2002, wachezaji wamekuwa wakibishana juu ya mji mmoja wa kubuni uitwao Stratholme. Mwanamfalme Arthas Menethil anafika pale na kugundua kwamba nafaka yenye tauni imeshagawiwa kwa wakazi. Aliyeila hafi tu. Hufa, kisha huinuka akiwa maiti inayotembea, mtumwa wa adui. Arthas anaamuru mji mzima uuawe kabla watu hawajageuka. Je, alikuwa sahihi? Wapo wanaosema hakuwa na njia nyingine, na wapo wanaosema pale ndipo alipogeuka muuaji. Ubishi huo haujaisha mpaka leo, na sioni ukiisha karibuni, kwa sababu kila upande unajibu swali lake.

Mimi nataka kusogea hatua chache mbele. Baada ya Stratholme, Arthas aliutwaa upanga wa Frostmourne, akapoteza roho yake, akawa mtumishi wa Mfalme wa Wafu, akarudi nyumbani na kumuua baba yake mzazi mbele ya kiti cha enzi. Ukiuliza kilichompata, wengi watakujibu kwamba upanga ulimharibu. Hadithi nyingi za fantasia zina kipande cha namna hii: shujaa mwema anapokea nguvu za wafu, na wema unamtoka. Lakini ukizifuatilia utaona mambo kadhaa tofauti yamefungwa pamoja na kupewa jina moja. Alichotoa shujaa ili azipate nguvu hizo ni jambo moja, na kinachozilisha baadaye ni jingine. Yanayoupata mwili wake na hisia zake yana habari yake. Halafu lipo lile ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, nalo ni nani amebaki karibu naye wa kumwambia hapana.

Kisa cha Arthas kinafaa kuanza nacho kwa sababu kimepangwa kwa ustadi kuliko sifa kinazopewa.

Kabla ya upanga

Arthas ni mwana wa Mfalme Terenas wa Lordaeron. Amelelewa kivita na Uther, kiongozi wa paladini wa Mkono wa Fedha, yaani mashujaa wanaopigana kwa nguvu ya Nuru na kuapa kuwalinda wanyonge. Mwanzoni anafanya kazi ya kawaida ya shujaa. Tauni inasambaa kaskazini kwa magunia ya nafaka yanayotoka kwenye maghala ya Andorhal, naye anaifuata nyayo kwa nyayo. Anamuua mchawi Kel'Thuzad. Huko Hearthglen anachelewa: nafaka imeshaliwa, na watu aliokuja kuwaokoa wanamzingira wakiwa wameshageuka, mpaka Uther anapofika kumnasua. Kijana huyu amechoka, ana hasira, na kila kijiji anachokifikia kinamwambia kwamba alipaswa kufika jana.

Ndipo inakuja Stratholme. Uther anaikataa amri na kusema kwamba hata Arthas angekuwa mfalme tayari, amri ile asingeitii. Arthas anamtuhumu uhaini na kuwasimamisha kazi paladini wote. Jaina Proudmoore, mwanamke anayempenda, anageuka na kuondoka kwa sababu hawezi kutazama yatakayofuata. Kisha mchezaji anashika kipanya na kuanza kuua. Waundaji walitia hila moja ya ajabu hapa: skrini inaonyesha hesabu mbili, yako na ya pepo Mal'Ganis, na lengo ni wewe kuwaua wakazi 100 kabla yeye hajawageuza 100. Mauaji yamekuwa mbio. Dakika kumi baadaye unajikuta unakasirika kwa sababu Mal'Ganis amekupita namba, wala hukumbuki tena kwamba kila namba ni mtu aliyekuwa ndani ya nyumba yake.

Uamuzi wa kuuangamiza mji unaweza kutetewa. Hapakuwa na dawa, na kila mfu aliongezeka kwenye jeshi la adui. Kinachonishinda kutetea ni namna uamuzi ulivyofikiwa: kwa muda mfupi mno, bila kujaribu hata kuufunga mji, na kwa kuwafukuza papo hapo wote waliotia shaka. Wahenga wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tatizo la methali hiyo ni kwamba guu la mwanamfalme halivunjiki siku ileile, na kwa kuwa halivunjiki, anajifunza kwamba mkuu hakuwa na la maana la kumwambia.

Ushahidi wenyewe uko kwenye tukio linalosahaulika. Arthas anamfuata Mal'Ganis hadi nchi ya barafu ya Northrend. Akiwa huko, mfalme anaagiza jeshi lirudi nyumbani. Askari wanafurahi, wamechoka na baridi. Arthas anawakodi mamluki na kuzichoma meli zake mwenyewe kabla askari hawajazifikia, kisha anawaambia askari kwamba waliozichoma ni mamluki wale. Askari wanawaua watu hao papo hapo. Muradin, rafiki yake wa siku nyingi, anasimama pembeni haamini macho yake.

Kwenye tukio hilo hakuna tauni wala mji unaokaribia kugeuka. Upanga bado haujagunduliwa. Yupo kiongozi anayewadanganya watu wake, anawafungia njia ya kurudi kwao, na kuwaua mashahidi kwa mikono ya wengine. Anayetaka kujua Arthas aliharibika lini aanzie hapo.

Wanapoufikia upanga, Muradin anasoma maandishi yanayoonya kwamba nguvu ya silaha hiyo itajeruhi roho ya mwenye kuitwaa. Anamsihi aiache. Arthas anajibu kwamba yuko tayari kubeba laana yoyote ili awaokoe watu wake. Barafu inapasuka, kipande kinampiga Muradin, anaanguka. Arthas anaitupa chini nyundo yake ya kipaladini, anachukua upanga, na kumwacha rafiki yake pale alipolala.

Kufikia hapo Uther amefukuzwa, Jaina ameondoka, askari hawana pa kukimbilia, Muradin yuko chini, na baba yake yuko ng'ambo ya bahari. Mkono wake unapoushika mpini, hakuna hata mmoja aliyebaki wa kumwambia hapana. Upanga ulimkuta tayari.

Basi upanga ulifanya nini?

Ulifanya kazi kubwa, ila si ile inayosemwa. Kabla yake Arthas alikuwa anatenda maovu akiumia. Alihitaji sababu, alihitaji kujiambia kwamba ni kwa ajili ya watu wake. Baada yake hahitaji tena. Anarudi Lordaeron akiwa mtulivu, maua yanarushwa barabarani, anapiga goti mbele ya baba yake na kumuua.

Plato, kwenye Jamhuri, anasimulia juu ya mchungaji aliyeitwa Gyges aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Akaingia ikulu, akamuua mfalme, akachukua ufalme. Swali la kisa kile ni kama mtu angetenda haki hata asipoonekana na yeyote. Nguvu za wafu zinauliza swali jingine. Arthas anaonekana na kila mtu, tena anataka aonekane. Kilichoondoka ni uwezo wake wa kuwaona wengine kama watu wanaoumia jinsi yeye alivyokuwa akiumia.

Mwili unahusikaje? Aristotle aliweka ushujaa mahali pa hofu: jasiri ni anayekiogopa kifo kwa kiasi kinachofaa na bado anasimama vitani. Sasa mchukue mtu asiyeweza kufa. Anaweza kuingia motoni kila siku, lakini ushujaa wake uko wapi? Hana cha kupoteza. Mtu asiyesikia njaa hawezi kujivunia kwamba anakula kwa kiasi, na mwenye karne kumi mbele yake hawezi kusifiwa kwa subira. Tabia njema zile zile zilizomfanya awe shujaa zinakosa kazi ya kufanya. Hazijavunjwa na mtu yeyote. Zimekaa tu bila kutumika, na tabia isiyotumika hunyauka.

Haki na huruma zinaweza kubaki, maana hizo huwahusu wengine. Lakini hata hizo zilikuwa zinategemea mwili kuliko tunavyokiri. Tunampa maji msafiri kwa sababu koo zetu zinakijua kiu. Tunampisha mzee kwenye kivuli kwa sababu tumewahi kusimama juani. Shujaa aliyekufa na kuendelea kutembea anaikumbuka kiu kama mtu anavyokumbuka somo la darasa la tatu. Anajua ipo. Anaweza hata kuieleza. Haimsukumi kuinuka.

Ndiyo maana hadithi zilizo makini hazimfanyi shujaa wa namna hii kuwa mkatili kwa ghafla. Zinamfanya awe na hesabu. Anaanza kusema kwa mafungu: kijiji hiki, kikosi kile, kizazi kijacho. Anasema kweli tupu, na waliomzunguka wanaanza kuogopa bila kuweza kueleza wanaogopa nini.

Lipo jambo moja kwenye gemu ya World of Warcraft, katika sehemu ya Wrath of the Lich King iliyotoka Novemba 2008, linaloonyesha kwamba hata Frostmourne haukummaliza Arthas. Kufikia wakati huo ameshavaa kofia ya Mfalme wa Wafu na kuungana naye. Tunagundua kwamba aliung'oa moyo wake mwenyewe na kuuficha mbali, ili auondoe ubinadamu uliobaki. Mzimu wa mtoto anayejiita Matthias Lehner unamwongoza mchezaji kuelekea kwenye siri hiyo, na ukizipanga upya herufi za jina lake unapata Arthas Menethil. Mambo ya moyo kuwekwa nje ya mwili ni ya kale. Warusi wana Koschei, ambaye mauti yake yako ndani ya sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura. Ila Koschei alificha mauti yake ili aishi. Arthas alificha moyo wake kwa sababu ulikuwa bado unamsumbua. Kama upanga ungekuwa umeshambadilisha wote, angekuwa na haja gani?

Nani analipia mafuta

Tuhamie kwenye meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake, na ambao fantasia ya leo imekopa kwake mengi mno. Humo kuna kiumbe anayeitwa lichi, aliyeingia kwenye kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975. Ni mchawi mwenye elimu kubwa aliyejigeuza maiti kwa hiari, akaiweka roho yake ndani ya chombo kilichofichwa. Mwili ukiharibiwa, unajengeka upya mradi chombo kipo salama.

Lichi anafaa sana kwa mjadala huu kwa sababu hakulaaniwa na mtu wala hakudanganywa na upanga. Alisoma, akapanga, akaamua. Na anaweza kuwa na nia inayoheshimika: kumaliza utafiti ambao maisha ya mtu mmoja hayatoshi, au kuilinda nchi yake vizazi na vizazi. Mwandishi akitaka shujaa wa kweli apitie njia hii, anaye hapa.

Kanuni za toleo la 2014 zinaweka sharti moja lililonifanya niwaheshimu walioziandika. Lichi lazima akilishe chombo chake roho za viumbe wengine mara kwa mara. Asipofanya hivyo mwili wake unachakaa mpaka linabaki fuvu. Tazama sharti hilo linavyobadilisha mjadala. Siku ya kwanza nia yake inaweza kuwa njema kabisa. Uovu unakuja kwenye matunzo. Kila baada ya muda lazima mtu fulani afutwe kabisa, roho na yote, ili utafiti uendelee. Wa kwanza atakuwa jambazi aliyehukumiwa kunyongwa. Wa pili pia. Kisha utafika mwaka ambao majambazi hawatoshi, na msomi wetu mwema, ambaye yuko katikati ya kazi muhimu sana, atalazimika kupanua maana ya neno jambazi.

Mwaka 1978 mchezo huo uliweka miraba tisa ya kuwapangia watu maadili, kutoka wema wenye kufuata sheria hadi uovu wa vurugu. Miraba hiyo ni rahisi kuicheka na mimi huicheka, lakini ina faida ya kuwalazimisha wachezaji waseme wanachoamini. Toleo la 2000 liliipa dua ya kuinua maiti alama ya uovu moja kwa moja. Toleo la 2014 linasema kuumba wafu wanaotembea si tendo jema, na kwamba wachawi waovu pekee ndio hulifanya mara kwa mara. Wachezaji wanauliza: kwa nini? Roho imeshaondoka, mwili ni mifupa mitupu. Mifupa ikilima shamba badala ya mtumwa, nani ameumia?

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji mwalimu wa falsafa kumjibia hapo. Ameshasikia habari za msukule. Kwenye masimulizi yetu, hasa Tanzania, msukule ni mtu ambaye jamaa zake wanaamini wamemzika, kumbe amechukuliwa na mchawi na sasa anafanyishwa kazi usiku, analima shamba la mwingine, hana sauti, hana ujira. Hofu ya msukule ni hofu ya kufanyishwa kazi baada ya siku ambayo kazi ilipaswa kuisha. Haiti ilikuwa na hofu hiyohiyo kwa sababu iliyo wazi zaidi. Zombi wa kule, kabla filamu hazijamfanya mla watu, alikuwa kibarua wa milele katika nchi iliyojengwa juu ya mashamba ya miwa na utumwa, mpaka mapinduzi yaliyoanza 1791 yalipouvunja na kuzaa taifa huru mwaka 1804. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa mlango pekee ambao bwana hakuwa na ufunguo wake. Zombi ni habari kwamba bwana ameupata ufunguo.

Kwa hiyo swali la mifupa inayolima lina jibu. Kosa liko kwenye mkono unaochukua, hata kama maiti haisikii chochote. Shujaa anayeinua wafu anajizoeza kuuona mwili wa mtu kama kitu kilicholala bila kazi, na zoezi hilo halikomei kwa waliokufa. Gemu ya Pathfinder: Wrath of the Righteous, iliyotoka Septemba 2021, inampa mchezaji nafasi ya kuliona hili akiwa upande wa mashujaa kabisa. Anaongoza jeshi takatifu dhidi ya mapepo, katika vita vilivyodumu zaidi ya karne, na mojawapo ya njia anazoweza kuchagua ni kuwa lichi. Wanajeshi wafu hawali, hawadai mshahara, hawakimbii. Kwa jenerali aliyechoka kuandika barua za tanzia hilo ni jambo la kuvutia, nalielewa kabisa. Ila askari wale walikula kiapo cha kuifia vita ile. Hakuna aliyewauliza kama wangeipigania tena baada ya kufa.

Na kuna zawadi nyingine ya hatari ndani yake: jeshi la wafu halilalamiki. Jenerali wa jeshi hai akitoa amri ya kipumbavu, ataona nyuso. Atasikia minong'ono jikoni, watu watatoroka usiku, ofisa mmoja atakohoa kikaoni. Arthas alilazimika kuchoma meli na kusema uongo ili kuliepuka hilo. Alipopata jeshi la maiti hakuhitaji tena kudanganya mtu.

Wasioulizwa

Haya yote yanamhusu aliyechagua. Wapo ambao hawakuchagua, na hapo lawama inabadilika sura.

Sylvanas Windrunner alikuwa jenerali wa walinzi wa nchi ya Quel'Thalas. Alipigana na Arthas hatua kwa hatua, akashindwa, na Arthas, kwa chuki tu ya kusumbuliwa, akamnyima kifo na kumgeuza mzuka unaomtumikia. Baadaye, katika nyongeza ya The Frozen Throne ya mwaka 2003, nguvu za Mfalme wa Wafu zinapopungua, Sylvanas anajinasua na kuanzisha taifa la wafu wenye hiari yao. Taifa hilo lilipewa wachezaji kulichezea tangu World of Warcraft ilipoanza mwaka 2004, na kwa miaka mingi huyu ndiye aliyekuwa mfano wa wanaowatetea wafu wa namna hii: mwili wa maiti, hiari ya mtu, na chuki halali dhidi ya aliyemtenda.

Miaka ikaenda. Mwaka 2018 Sylvanas, sasa akiwa kiongozi wa muungano mzima, aliamuru mti mkubwa wa Teldrassil uchomwe pamoja na raia waliokuwa juu yake. Wachezaji wengi walikasirika, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa ya haki kwa sababu hadithi iliandikwa kwa kuyumba. Hata hivyo siwezi kusema mauti ndiyo yaliyomfikisha pale. Wafu wenzake wengi wa taifa lilelile walishtuka kama watu walio hai. Kama ni mwili wa maiti unaoleta uovu, mshtuko wao ulitoka wapi?

Sehemu inayoeleza jambo hili vizuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kazi moja ndogo ambayo mchezaji hupewa mwanzoni anapochagua kuwa askari wa kifo katika Wrath of the Lich King. Wewe ni shujaa uliyefufuliwa na Arthas, na saa zako za mwanzo ni za kutii: unachoma mashamba, unaua wanakijiji. Kisha unaagizwa kumuua mfungwa aliyefungwa pingu. Ni wa kabila lako, na anakutambua. Anakukumbusha ulivyokuwa, anakusihi ukumbuke. Gemu haina kitufe cha kumwachia. Usipomuua, husongi mbele. Wachezaji wengi hubofya, wakiwa na haraka ya kupata silaha nzuri zaidi, na wengine hukiri kwamba waliondoka kwenye kiti kwanza.

Baadaye kidogo askari hao wanapelekwa kuvamia kanisa, wanashindwa, na kiongozi wao Darion Mograine anamgeuka Mfalme wa Wafu. Wanaachiliwa. Wanabaki maiti, wanabaki na uchawi uleule wa kuinua mifupa, na wanajiunga na vita dhidi ya aliyewaumba. Mamlaka ya juu yao yameondoka, nguvu zimebaki, na dhamiri inaanza kusumbua tena kwa kila mmoja kwa namna yake. Ukitaka kutenganisha athari ya nguvu na athari ya utumwa, jaribio limeshafanywa hapo.

Sauti ndani ya silaha

Hapa ndipo ninapogombana na waandishi. Njia ya mkato inayotumiwa mno ni kuweka sauti: upanga unaonong'ona, pete inayovuta, mzimu unaoshauri. Shujaa anatenda uovu, kisha sauti inatajwa, na msomaji anaambiwa amhurumie. Siipingi sauti yenyewe. Napinga inapoletwa mapema mno, kabla mtu hajafanya kosa lake mwenyewe, kwa sababu inatunyima kumjua. Frostmourne nao una sauti, lakini waandishi wa mwaka 2002 walikuwa na subira ya kuziacha meli ziungue kwanza.

Kosa la pili ni la wanaoandika kinyume chake, na siku hizi limezidi: shujaa anachukua nguvu za wafu, anavaa nguo nyeusi, na hakuna kinachobadilika. Bado ana utani, bado anapenda, bado anawainua maiti kumi kabla ya chai. Wanadhani wamevunja mazoea. Wamekwepa maswali yote niliyoyataja: nani amelipa, miili ni ya nani, na kwa nini rafiki zake hawajasema neno.

Anayetaka kuonyesha wafu wema kwa uzito anaweza kutazama Eberron, ulimwengu wa Dungeons & Dragons uliotoka 2004. Kwenye kisiwa cha Aerenal, wazee bora wa jamii hawaachwi wapotee. Miili yao inahifadhiwa nao wanakaa kwenye baraza wakiwashauri walio hai. Wanaotoka kwenye jamii zinazotambika hawatashangaa sana. Hawali roho ya mtu. Kinachowadumisha ni heshima na ibada ya kizazi kilicho hai, inayotolewa kwa hiari, na nguvu yao hupungua wakienda mbali na kwao. Sharti la mafuta limebadilishwa, na mara moja viumbe walewale wakavu wenye ngozi iliyoganda mifupani wanakuwa watu wa kuheshimiwa.

Hata huko tatizo halikosekani, ila ni la aina nyingine kabisa. Baraza halina kiti kinachobaki wazi. Kijana wa Aerenal mwenye wazo jipya lazima aliwasilishe mbele ya babu wa babu yake, ambaye yupo, anakumbuka kila jaribio la namna hiyo lilivyoshindwa, na hana haraka yoyote.